Saa tatu za zamani, ndoa moja: nichukue ipi?

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni kijana wa miaka 31, kwetu Tanga, lakini nafanya kazi ya uhasibu hapa Dar es Salaam. Mwezi Desemba, inshallah, naoa. Mahari imeshapelekwa, kanzu na joho viko kwa fundi, suti ya usiku wa hafla ipo kabatini. Kilichobaki kunikosesha usingizi ni saa.

Sitaki saa ya betri, wala zile kubwa za michezo wanazovaa rafiki zangu. Nataka saa ya zamani ya mtoko, nyembamba, ya kutia ufunguo, niivae siku ya ndoa kisha niendelee nayo Ijumaa, sikukuu na kwenye vikao vya maana. Nimeweka milioni mbili kwa kazi hiyo tu. Baada ya kutafuta kwa miezi kadhaa zimebaki tatu.

Ya kwanza ni Omega ya dhahabu ya karati 9, ipo kwa muuzaji London. Dada yangu anaishi huko na ameiona kwa macho. Ndani ya mfuniko imegongwa jina Dennison, na kwa nje pamechongwa jina la mzee mmoja wa Kiingereza, kwamba kampuni yake ilimpa saa hiyo mwaka 1958 kwa utumishi wa miaka 25. Mashine yake ni kaliba 267, yaani aina ya mashine kwa namba ya kiwanda. Bei ni kama milioni mbili na laki sita, na baba mdogo amesema hizo laki sita ataongeza yeye. Mchumba wangu anaipenda hii kuliko zote. Ila wenzangu wa msikitini wamenikumbusha habari ya dhahabu kwa mwanamume. Baba mdogo anasema saa si pambo, ni chombo cha kazi.

Ya pili ni Longines ya chuma cha pua, kaliba 12.68Z, yenye kimshale kidogo cha sekunde juu ya namba 6. Ni ya mzee mmoja wa Upanga anayeuza vitu vyake kabla ya kuhamia kwa wanawe. Uso wake ulikuwa mweupe, sasa umegeuka rangi ya krimu, na karibu na namba 4 kuna madoa madogo matatu ya hudhurungi. Upana wake ni milimita 34. Anataka milioni moja na laki nne. Ukweli ni kwamba hii ndiyo moyo wangu unairudia, lakini naona haya. Watu watasema bwana harusi kavaa saa chakavu.

Ya tatu ni Omega Seamaster kutoka kwa muuzaji wa mtandaoni aliyeko Mumbai. Uso wa bluu unaong'aa, haina hata mkwaruzo, laki nne na nusu pamoja na usafiri. Bestimani wangu anasema nikiiacha hii nitakuwa nimekataa bahati.

Mjomba, nichukue ipi? Nikichukua Longines, yale madoa yanaweza kusafishwa, au uso upakwe rangi upya? Milimita 34 haitaonekana saa ya kike? Na je, naweza kutawadha nayo mkononi? Picha zote nimeambatanisha.

Mpwa wako,
Bwana Harusi wa Desemba

*

Marahaba mpwa wangu, na hongera sana. Mungu aitimize ndoa yako kwa heri.

Chukua Longines. Nimelitanguliza jibu ili usisome huku roho iko juu. Lakini sababu zake nataka uzijue moja moja, kwa kuwa utakapokwenda Upanga itabidi ujue unaangalia nini, na bestimani wako hatakubali kirahisi.

Nianze na ile ya Mumbai, maana ndiyo ya hatari. Picha zako nimezivuta karibu kadiri zilivyoweza. Tazama chini kabisa ya uso, pale kwenye namba 6. Omega ya kweli ya enzi zile huwa na maneno madogo mno, Swiss Made, yaliyokaa kwa mizani kushoto na kulia. Kwenye hii, herufi zimepanda juu ya vistari vya dakika, na neno la pili limekaa juu kidogo kuliko la kwanza. Wino ni mzito, kingo za herufi zimevimba. Kisha soma katikati ya uso: wameandika Automatic, yaani saa inayojijaza yenyewe mkono ukitembea. Saa ya namna hiyo lazima iwe na kipande cha chuma cha nusu duara kinachozunguka juu ya mashine. Nenda kwenye picha ya nne aliyokutumia mwenyewe. Kipande hicho hakipo. Mashine ile ni ya kutia ufunguo. Uso unasema jambo moja, tumbo linasema jingine.

Kuna na alama nyingine ambayo watu wengi hawaijui. Omega walipoweka kioo cha plastiki kwenye saa zao, walitia alama yao ya Ω katikati ya kioo, ndogo kiasi kwamba bila kioo cha kukuzia huioni. Unaigeuza saa kwenye mwanga wa dirishani, na ghafla inajitokeza. Kioo kuwa hakina alama hiyo peke yake si hatia, kwani vioo hubadilishwa. Lakini hapa kioo hakina, kitufe cha pembeni cha kutia ufunguo hakina, uso umeandikwa upya na mashine hailingani na uso. Vyote vinne kwa pamoja vinatosha.

Biashara hii wanunuzi wa saa za zamani duniani kote wanaijua. Huchukuliwa bodi ya saa iliyochoka, yaani gamba la nje linaloshika mashine, uso ukafutwa na kupakwa rangi inayovutia, mashine ikaunganishwa kwa vipande vya saa mbili tatu, ikauzwa kwa jina kubwa. Simsemi kila muuza saa wa India. Nchi ile ina historia yake ya saa inayostahili heshima: kampuni ya serikali ya HMT ilianza kutengeneza saa za mkono mwaka 1961 ikishirikiana na Citizen ya Japani, na HMT Janata ya kutia ufunguo ilivaliwa na walimu, makarani na watu wa reli kwa miongo. Ukipata Janata ambayo uso wake haujaguswa, umepata saa ya kweli kwa pesa kidogo. Unayouziwa wewe ni jina la Omega lililochapwa juu ya kitu ambacho hakuna ajuaye ni nini.

Sasa ngoja nikwambie kipimo ninachotumia mimi, kwa sababu ndicho kilichoamua jibu lako. Kwenye saa ya zamani, kitu cha kwanza kununua ni uso, cha pili ni bodi, cha tatu ni mashine. Wengi hupindua mpangilio huo. Wanauliza inatembea? Inashika majira? Mashine iliyosimama fundi anaweza kuifufua. Springi hubadilishwa, mafuta yaliyoganda husafishwa, kigurudumu kilichokatika meno hupatikana kutoka kwenye saa nyingine ya kaliba hiyohiyo. Uso ukishafutwa, umekwenda. Hakuna wa kukurudishia wino uliochapwa Uswisi miaka 70 iliyopita. Nenda Mji Mkongwe Unguja uone ile milango ya nakshi: mlango uliopauka kwa jua na chumvi bado ni mlango wa thamani, na uleule ukipakwa rangi ya mafuta ya kung'aa hadi nakshi zikaziba, ajuaye milango atakupita bila kusimama.

Kwa hiyo swali lako la kuupaka upya uso wa ile Longines, jibu ni hapana, tena kwa nguvu zote. Ungekuwa unanunua saa ya Upanga na kuigeuza iwe saa ya Mumbai kwa mkono wako mwenyewe. Kusafisha madoa pia usikubali. Kuna mafundi wenye nia njema kabisa wanaochukua pamba, wakailowesha, wakapitisha juu ya uso "kuung'arisha kidogo". Kwenye nyuso za enzi hizo maandishi yamekaa juu ya rangi, chini ya tabaka jembamba mno la vanishi. Pamba ikipita mara moja, doa linabaki na jina la Longines linaondoka. Fundi wako umwambie kabla hajafungua chochote: uso usiguswe.

Hayo madoa matatu nimeyatazama sana, kwa sababu hapo ndipo ningebadili ushauri wangu. Doa la uzee na kutu inayoendelea kula ni vitu viwili. Doa la uzee ni kavu, limelala sawa na uso, na mishale iliyo juu yake bado ni laini. Kutu inayoendelea hujionyesha: rangi inainuka na kupasuka, mishale ina vipele, na ukifungua nyuma utakuta hudhurungi kwenye skrubu na mhimili wa ule ufunguo wa pembeni. Kwenye picha zako mishale ni safi na vistari vya dakika vyote vipo hadi cha mwisho. Saa iliyoishi Dar es Salaam, kwenye mvuke na upepo wa chumvi wa Upanga, ikafika leo na madoa matatu tu, imetunzwa na mtu aliyeijali. Lakini hakikisha kwa macho. Picha huficha.

Rangi ile ya krimu usiionee haya hata kidogo. Ni vanishi iliyokomaa, na kwenye Longines ya miaka ile imekaa sawasawa uso mzima, jambo ambalo wapo watu wanalilipia zaidi. Siku ya ndoa, mgeni aliyekaa kiti cha tatu ataona saa nyembamba yenye uso wa joto kwenye mkanda mweusi. Madoa yale atayaona anayekushika mkono, na anayekushika mkono siku hiyo ni mtu wako.

Tuje kwenye dhahabu. Mimi si sheikh, na hukumu ya dini usiichukue kwangu. Ninachojua ni kile ambacho kila aliyepita chuoni kwetu Pwani amekisikia: dhahabu na hariri ni halali kwa wanawake wa umma huu na haramu kwa wanaume wake, na madhehebu yote manne yamelishika hilo kwa dhahabu ya kuvaa. Karati 9 ni sehemu 375 za dhahabu katika 1,000, zilizobaki ni madini mengine, lakini bado inaitwa na kuuzwa kama dhahabu. Hoja ya baba mdogo kwamba saa ni chombo, mpelekee sheikh wako aitolee jibu, kwa adabu na kabla ya kulipa. Kwa upande wangu wa saa nakwambia hivi: ukinunua kitu cha milioni mbili na laki sita ambacho kila ukifika mlangoni mwa msikiti unakivua na kukitia mfukoni, baada ya miezi sita kitakuwa kinalala kabatini. Na siku yenyewe unayoinunulia ni siku ya kukaa mbele ya kadhi na masheikh. Utaificha chini ya mkono wa joho?

Inaniuma kidogo kusema hivyo, kwa sababu kama saa, ile ni saa nzuri mno. Dennison walikuwa watengeneza bodi wa Birmingham, wakiwatengenezea Omega, Longines na wengine kwa soko la Uingereza hadi walipofunga mwaka 1967. Mashine ya kaliba 267 inatoka kwenye ukoo wa mashine za milimita 30 ambao Omega waliuanzisha mwaka 1939 na kuendelea nao hadi 1963. Ndugu zake wa ukoo huo walipelekwa kwenye mashindano ya usahihi ya Neuchâtel na Geneva. Ukifungua nyuma unakuta mashine yenye rangi ya shaba nyekundu, kubwa, imejaza bodi yote, vipande vyake vinene na vilivyopangika. Mafundi wanaipenda kwa sababu haina ujanja ujanja. Na yale maandishi ya mzee wa Kiingereza usiyahesabu kuwa dosari. Ulikuwa utamaduni wa makampuni ya huko kumpa mtumishi wa muda mrefu saa ya dhahabu yenye jina lake. Maandishi hushusha bei kidogo, ila yanakuthibitishia mwaka. Anayeyasugua yatoke anaikondesha bodi na kufuta ushahidi.

Mchumba wako naye anaipenda rangi ile, na rai yake ina uzito, ndoa ni ya wawili. Basi dhahabu mpe yeye. Saa ndogo za kike za Omega, Rotary na Tissot za miaka hiyo, za karati 9, zinauzwa huko huko London, na bei yake haifiki ya za kiume kwa kuwa wanawake wengi siku hizi wanataka saa kubwa zaidi. Muombe baba mdogo hizo laki sita aziweke upande wa bibi harusi. Dada yako ataileta akija kwenye harusi. Nadhani baba mdogo atafurahi zaidi kuliko unavyodhani.

Sasa Longines yenyewe. Kampuni ilianza mwaka 1832 pale Saint-Imier, na ile nembo ya saa ya mchanga yenye mabawa unayoiona usoni waliisajili mwaka 1889. Kaliba 12.68Z ilitengenezwa kwa miaka mingi, ikadumu hadi miaka ya 1950. Mashine haidumu miaka yote hiyo kiwandani kama ina kasoro ya kuzaliwa. Hupiga mara 18,000 kwa saa, tiki tano kila sekunde, taratibu, na vipande vyake vinahimili kufunguliwa na kufungwa. Namba ya mashine kwenye picha yako iko kwenye milioni tisa, nayo inakuleta katikati ya miaka ya 1950. Jambo moja zuri la Longines ni kwamba wametunza madaftari yao ya kale, yaliyoandikwa kwa mkono. Ukiwatumia namba ya mashine na picha, wanaweza kukuambia saa yako ilitoka kiwandani lini na ilipelekwa kwa wakala wa nchi gani. Omba taarifa hiyo ukishanunua. Hati ya namna hiyo inapendeza kuwa nayo nyumbani.

Unajiuliza kwa nini saa ya ubora huo inapatikana kwa milioni moja na kitu? Tarehe 25 Desemba 1969 Seiko walitoa Tokyo saa ya mkono ya kwanza ya kwatzi, yaani ya betri, iitwayo Astron, na ndani ya miaka kumi na kitu saa za betri zikawa rahisi na sahihi kuliko kitu chochote kilichotoka Uswisi. Mamilioni ya saa za kutia ufunguo yakaingia kwenye makasha na droo. Mafundi nao wakapungua, na hilo ndilo litakalokusumbua wewe kuliko bei. Kariakoo imejaa watu wanaobadilisha betri na mikanda kwa ustadi mkubwa, lakini anayeivunja mashine ya zamani hadi kipande cha mwisho na kuirudisha hayuko kila kibanda. Usimuulize kama anaweza, kwani atasema anaweza. Mwambie akuonyeshe saa ya kutia ufunguo iliyo mezani kwake sasa hivi imefunguliwa, na mafuta yake yako wapi. Kazi inayotakiwa ni kuivua mashine kipande kwa kipande, kukiosha kila kimoja, kutia tone la mafuta maalumu pale tu panapostahili, na kuikagua springi. Akikwambia ataichovya mashine nzima kwenye petroli kisha aipulize, chukua saa yako uondoke. Itatembea, na itatembea vizuri kwa mwezi mmoja, huku petroli imeondoa mafuta yote na vyuma vinasagana vikavu.

Kuhusu milimita 34, ondoa wasiwasi. Hicho ndicho kilikuwa kipimo cha saa ya mwanamume. Patek Philippe walipotoa Calatrava yao ya kwanza mwaka 1932, ambayo hadi leo saa nyingi za mtoko zinaiga umbo lake, upana wake ulikuwa milimita 31 tu. Saa ya kike ya wakati huo ilikuwa ndogo kuliko sarafu. Macho yetu yamezoea saa za kupigia mbizi kwenye mikono ya wahasibu. Uzuri wa saa ya mtoko uko kwenye kujificha: unanyoosha mkono kupokea sahani, inachungulia, unaurudisha, inaingia chini ya mkono wa shati bila kukwama. Ya milimita 42 itaukunja mkono wa shati lako jioni nzima.

Kutawadha nayo, hapana. Ivue. Bodi ya namna hii mfuniko wake ni wa kubana tu, na kama iliwahi kuwa na mpira wa kuzuia maji umeshakauka zamani. Tone likipita pembeni mwa ule ufunguo haliwezi kutoka, linageuka mvuke ndani na kutafuta chuma. Zoea kuivua kabla hujafika kwenye bomba na kuitia mfuko wa kifuani, siyo kuiweka juu ya ukuta wa pale pa kutawadhia, kwani zilizosahauliwa hapo ni nyingi. Joto letu pia linatoa jasho, kwa hiyo usiku ukiivua ipitishie kitambaa kikavu upande wa nyuma. Na siku unayopanda bodaboda, iache nyumbani. Mashine nyingi za kaliba hiyo hazikufungwa kinga ya mshtuko kama za baadaye, na barabara zetu unazijua.

Mkanda utabadilisha, maana wa sasa umechoka. Hapa nina tahadhari ambayo wauzaji hawakwambii: mikanda mingi ya zamani, na baadhi ya mipya kutoka Ulaya, upande wa ndani unaogusa ngozi yako umewekwa ngozi ya nguruwe. Uliza, na usipopata jibu la uhakika nunua wa ngozi ya ng'ombe au mbuzi nje na ndani. Milimita 18 ndiyo inayoelekea kuingia, lakini pima. Mweusi wa kawaida usiong'aa utakwenda na joho na suti vilevile. Mikwaruzo ya kioo isikutishe. Kama ni cha plastiki, dawa ya meno kidogo na kitambaa laini, dakika chache za kuzungusha, na kinarudi kuwa angavu. Funika kingo za bodi kwa utepe kwanza.

Ijumaa mpigie simu yule mzee, umuombe kwa heshima aitie ufunguo saa hiyo asubuhi na aiache bila kuigusa. Ukifika Jumamosi asubuhi ikiwa bado inatembea, springi yake ina uhai. Linganisha majira na simu yako. Ikiwa imekosea nusu dakika au hata zaidi kidogo, hiyo ni saa inayodai kusafishwa tu. Nenda na fundi, au angalau na kioo cha kukuzia. Kimshale cha sekunde kiende bila kusita, saa ikiwa imelala chali, imelala kifudifudi na imesimama. Tia ufunguo polepole kwa vidole viwili, na ukihisi imekamata, simama, usilazimishe hata robo mzunguko. Kisha tazama miguu ya bodi, pale mkanda unapofungwa. Kingo zikiwa bado kali, basi hakuna aliyeisugua kupita kiasi. Zikiwa mviringo na laini, imepita kwenye mashine ya kusugua mara nyingi, na bei ishuke. Mfuniko afungue fundi, kwa kifaa chake. Wewe usijaribu kisu cha jikoni mbele ya mwenye saa.

Kuhusu bei, mzee usimbane. Mwambie ukweli, kwamba inahitaji kusafishwa na mkanda mpya, na umuombe milioni moja na laki mbili na nusu. Akishikilia milioni moja na laki nne na uso ni kama unavyoonekana kwenye picha, mpe. Itakubakia laki sita: laki tatu tenga kwa fundi, sehemu ya zilizobaki ni ya mkanda, na nyingine iache pembeni kwa kipande kitakachohitaji kubadilishwa, maana mara nyingi kinakuwepo kimoja. Mpelekee fundi mapema, mwezi Oktoba usipite, ili saa ikae mkononi mwako wiki chache kabla ya ndoa na kasoro yoyote ijitokeze ukiwa na muda. Muulize mzee pia aliinunua wapi na nani alikuwa fundi wake. Huenda fundi huyo bado yupo hai, na ndiye unayemtafuta.

Ikiwa atakataa mfuniko kufunguliwa, au ukikuta kutu kwenye skrubu na rangi ya uso inainuka, mshukuru, rudi na pesa yako yote na uniandikie siku hiyohiyo. Omega na Tissot za chuma za kutia ufunguo za miaka ya 1960 bado zinapatikana ndani ya milioni zako mbili, na dada yako tayari yuko London.